Malaria Haina Mwenyewe

Kule mbugani, upande mkavu wa Handeni ambako ng'ombe huonekana kabla ya watu, mtoto aliyezaliwa bila kupokewa na Nasinkoi alihesabiwa kuwa amekosa kitu. Mikono ya mkunga huyo ilikuwa mirefu na myembamba, na kabla ya kazi aliipaka siagi kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Wanawake waliisifu. Walisema haina haraka wala hasira, na mwenyewe, kwa kuwa binadamu hakosi cha kujivunia, aliyasikia hayo akayaweka moyoni.

Binti yake wa kwanza alimzalisha kwa mikono hiyohiyo. Mtoto wa kiume alitoka salama, akalia kwa nguvu, na wanawake wakacheka kwa furaha. Kondo la nyuma ndilo lililokwama. Nasinkoi alingoja, akalikanda tumbo, akangoja tena, kisha akapaka siagi, akaingiza mkono na kulitoa. Alikwishafanya hivyo kwa wengine nao wakainuka wakaenda kuteka maji, kwa hiyo hakuwa na hofu.

Siku chache baadaye homa ikaanza. Mkwewe akakimbilia mnadani kutafuta dawa. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ambapo kila mwenye meza na mwavuli aligeuka mfamasia, na kapsuli za rangi mbili ziliuzwa kwa kuhesabiwa kiganjani, katikati ya mitumba na betri za redio. Binti akazimeza. Mwili ukapoa, na boma zima likashukuru. Laiti wangejua. Homa haikuwa imepona, mwili ndio uliokuwa unazimika. Mikono yake ilikuwa ya baridi na yenye unyevu, akapumua mbio kama aliyetoka kukimbizwa, na akaanza kuwaita kwa majina ng'ombe waliokufa zamani alipokuwa mtoto.

Walipata lori la mkaa likawafikisha Korogwe, kwenye hospitali ya misheni ya Mtakatifu Rita, nje kidogo ya mji. Alifariki siku hiyohiyo, kabla jua halijafika utosini. Walirudi na maiti, na kichanga, na karatasi. Mwalimu wa shule aliisoma karatasi mbele ya wazee: malaria kali. Koisaba, mume wa Nasinkoi, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache, alishusha pumzi ndefu aliposikia hivyo. Malaria ilikuwa imeua watu tangu enzi, haikuwa na wa kulaumiwa, na mambo yakaishia hapo.

Watu wa boma lile walikuwa bado wanashika mila ya kutomtaja maiti wao. Jina huzikwa na mwenyewe. Msichana wa boma la jirani aliyekuwa na jina kama la marehemu alibadilishiwa, na kichanga, aliyepewa jina la Leboo, alikua akinywa maziwa ya ng'ombe na ya shangazi bila kumsikia mtu akimtaja mama yake. Hadithi hii nayo italinyamazia jina hilo, mpaka mwenye haki ya kulitaja alitaje.

Lakini pua ya mkunga haisomi karatasi. Nasinkoi alikuwa ameinusa ile harufu kwenye nguo za binti yake kabla ya lori kuja, na si harufu ya malaria. Aliinusa akanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa kifo chenyewe ndicho kilichofichwa, na aliyetakiwa kuumbuka alikuwa anasifiwa bado. Aliendelea kuitwa kwenye uzazi. Bado aliipaka mikono siagi, na kila mara mtoto alipotoka salama alikwenda nyuma ya boma kulia peke yake.

Huenda angeendelea hivyo mpaka uzeeni. Ila Ruthi, binti yake wa pili, aliyekuwa amebatizwa na kuolewa kanisani, akapata mimba. Akaja kwa mama yake akiwa na haya na furaha, akasema hataki kuzalishwa na mtu mwingine yeyote duniani. Nasinkoi akamshika kichwa, akambariki. Usiku ule na mingine iliyofuata hakulala vizuri. Kama ni malaria iliyomuua dada mtu, basi mikono hii haina kosa na Ruthi atakuwa salama ndani yake. Na kama si malaria, basi anamwandalia na huyu kaburi. Hakukuwa na wa kumuuliza isipokuwa waliomwandikia ile karatasi.

Akamwambia Koisaba anampeleka Leboo chanjo. Akamfunga mgongoni, akapanda lori la mnada, akaenda Korogwe.

Kwenye dirisha la kumbukumbu za hospitali alikaa karani aitwaye Faudhia, mzaliwa wa Kwamndolwa, mjukuu wa mtu aliyekuja kutoka mbali kukata mkonge na kusahau njia ya kurudi. Faudhia alikuwa na roho nzuri na ulimi usiokuwa na subira. Ndiye aliyetoa mafaili, ndiye aliyeyarudisha, na ndiye kila mwisho wa mwezi aliyejaza kile kitabu kipya cha takwimu kutoka wizarani: kila kifo kijiti kimoja, kila kijiti kwenye mstari wa ugonjwa wake. Foleni ilikuwa ndefu. Aliuliza jina la mgonjwa, Nasinkoi akasema ni marehemu. Akauliza jina la marehemu, Nasinkoi akasema ni mama wa huyu hapa mgongoni. Huyu nani? Leboo. Faudhia akapekua, hakuna kitu kwa jina la Leboo. Akauliza tena jina, Nasinkoi akatazama chini.

"Mama," Faudhia akasema, "hapa faili linatafutwa kwa jina. Halitafutwi kwa kunyamaza."

Watu kwenye foleni wakaanza kumsihi mama wa watu aseme jina apishe wengine. Mmoja akadhani ni kiziwi, akamrudishia swali kwa sauti ya kumwita mbuzi. Nasinkoi akasimama palepale, jasho likimtiririka, jina liko mdomoni na mdomo umekataa. Ndipo muuza nyanya mmoja wa Mkumbara, mwanamke aliyezoea kuuziana na wafugaji, alipomwinamia Faudhia dirishani akamweleza kwamba hawa hawawataji watu wao wakishafariki, na kwamba kumlazimisha ni kumvua nguo hadharani.

Faudhia akaona aibu. Akauliza kwa upole ni msimu gani, na binti alikufaje. Nasinkoi akamwambia alikufa na maziwa yakiwa bado yanatoka. Karani akaenda kwenye kabati la nyuma, akarudi na mafaili ya wanawake vijana waliofia pale msimu ule, akamwita ndani. Akaanza kusoma jina mojamoja, taratibu, akimtazama usoni baada ya kila jina. Yalikuwa mengi kuliko Nasinkoi alivyodhani. Alikuwa amefikiri ni wake tu. Majina ya Kisambaa, ya Kizigua, ya watu wa mashamba ya mkonge ya Mazinde, yakasomwa na kuwekwa kando. Kisha Faudhia akasoma jina jingine, na yule mama akavuta shuka akajifunika kichwa.

Faudhia hakulirudia. Akasema pole, akalibeba yeye mwenyewe faili lile mpaka kwa Daktari Mhina.

Mhina hakuwa daktari kwa cheti, alikuwa tabibu, lakini pale Mtakatifu Rita ndiye aliyekuwepo, na anayekuwepo ndiye daktari. Alikuwa mtu wa makamo mwenye macho ya mtu anayekosa usingizi. Akasimama alipomwona Nasinkoi, akamwamkia shikamoo mama, naye akaitikia marahaba. Alimkumbuka. Akamsifia Leboo kwa kukua. Akalipokea faili, na alipoona ni la nani, akakaa chini.

Nasinkoi alimweleza kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno. Alisema mwalimu alisoma malaria, naye anataka kujua kama ni malaria. Mhina akajibu kwamba damu ilipopimwa wadudu wa malaria walionekana, na hilo lilikuwa kweli. Ni nani anayetoka mbugani asiye nao wawili watatu? Nasinkoi akauliza kama wadudu hao ndio waliomuua. Tabibu akafungua faili, akalifunga, akalifungua tena.

Hakuwa mwongo kwa tabia, na ndani ya faili hakuwa amedanganya. Yote yalikuwamo kwa mwandiko wake: mfuko wa uzazi uliovimba, harufu, mapigo ya moyo yanayokimbia, presha isiyosomeka, mkojo hakuna, mikono ya baridi, kuweweseka. Ukurasa baada ya ukurasa ulisema uchafu uliingia kwenye mfuko wa uzazi, ukapenya kwenye damu, na mwili mzima ukaporomoka. Kwenye karatasi ya mwisho tu, ile inayokwenda kwa ndugu na kwenye takwimu, ndipo palipoandikwa malaria kali. Akamweleza yote hayo bila kumficha, akitazama meza.

"Siku ile ulikuwa umekaa pale mlangoni, umeishika mikono yako kama si yako," akasema. "Nikajua ni nani aliyemzalisha. Nikaandika malaria. Malaria haina mwenyewe, mama."

Hiyo ilikuwa nusu ya sababu, na Mhina, tuseme haki yake, aliitoa na nusu ya pili. Kifo cha uzazi kina ukurasa wake peke yake, na ukurasa huo huita kikao: wakubwa wa wilaya hufika, maswali huulizwa, hospitali hushushwa kwenye sifa, na tabibu asiye na damu ya kumwongezea mgonjwa huulizwa kwa nini hana damu. Malaria haiiti mtu. Ina mstari mrefu kitabuni, kijiti kimoja zaidi hakionekani.

Nasinkoi akauliza alichokuja kuuliza. Akainua mikono yake miwili, akamwonyesha.

Mhina alisema haikuwa mikono peke yake. Ilikuwa na kapsuli za mnadani, na njia, na lori lililochelewa, na hospitali iliyokosa vitu. Kisha akasema kwamba hata hivyo ugonjwa ulianzia ndani, na mkono uliingia ndani.

Nasinkoi alilia. Alilia bila kujifunika, kilio cha mtu aliyekuwa amekificha kwa zaidi ya mwaka, mpaka Leboo akaamka mgongoni akalia naye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu alikuwa mzazi na mkunga, kwa hiyo ulimwingia kwa milango miwili. Faudhia, aliyekuwa bado mlangoni, alimfungua mtoto akamchukua, akambembeleza kwa kumwimbia Kizigua.

Kilio kilipokwisha, Nasinkoi hakuondoka. Aliuliza swali la kazi, kama fundi anavyomuuliza fundi: ilitakiwa afanye nini? Mhina akamwambia habari za maji yaliyochemshwa, sabuni, glovu, wembe mpya, na kondo likikwama kutogusa ndani bali kumwahisha mgonjwa hospitali. Akasema yapo mafunzo ya wakunga wa jadi, na baada ya mafunzo kila mkunga hupewa sanduku la vifaa. Vijiji kadhaa vya Korogwe vilikwishapata. Nasinkoi akauliza kwa nini kwao hawakufika.

Aliyejibu ni Faudhia, mtoto begani, kwa sauti ya mtu anayeanza kuelewa jambo alilolifanya kwa mkono wake mwenyewe kila mwisho wa mwezi.

"Sanduku linapelekwa kule wanakokufa kina mama kwa uzazi," akasema. "Kwenye kitabu, kwenu hajafa hata mmoja."

Nasinkoi aliyakumbuka yale majina yaliyosomwa na kuwekwa kando. Akauliza na wale je, wameandikwaje? Faudhia akasema wengine malaria, wengine upungufu wa damu, wengine wamo kwenye mstari wa chini kabisa, ule wa mengineyo. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, Nasinkoi akakasirika. Hakupandisha sauti. Alimtazama Mhina kama anavyotazamwa mtoto mpole aliyeacha zizi wazi.

"Ulinihurumia mimi," akamwambia, "ukamnyima Ruthi, mdogo wake."

Akamtaka aandike upya. Mhina akamwonya: akiandika, wilaya itatuma watu mpaka bomani, watauliza mbele za watu ni nani aliyemzalisha marehemu na kwa namna gani. Yeye mwenyewe atahojiwa na huenda akahamishwa, lakini hilo ni lake. Akamuuliza kama amefikiri watu wake watasemaje. Nasinkoi alikuwa amefikiri njia nzima, tangu alipopanda lori.

"Waje," akasema.

Mhina akachukua kalamu, akaandika. Faudhia akafungua ule ukurasa wa vifo vya uzazi, uliokuwa mweupe kwa upande wa kwao tangu kitabu kije, akaweka kijiti cha kwanza.

Nasinkoi alimwambia Koisaba yote jioni aliyorudi, kabla hajasikia kwa mwingine. Koisaba hakumpiga wala hakumtukana. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kigoda chake mlangoni kwa Nasinkoi, akakihamishia kwenye nyumba ya mke mdogo, na hakikurudi. Wageni wa wilaya walipokuja waliuliza swali lao chini ya jua kali, watu wote wakiwepo, na Nasinkoi akasema ni mimi, akaeleza habari ya siagi na mkono. Hakuna aliyemzomea. Watu wa kule hawazomei, huacha tu kuja. Wajawazito wakaanza kupita nyuma ya nyumba yake badala ya mbele, na mama mmoja aliyemzalishia watoto wake wote alikataa kupokea maziwa aliyompa.

Mafunzo yalikuja kiangazi. Sanduku lilikuja nayo, likakabidhiwa kwa wanawake wawili vijana waliojua kusoma. Nasinkoi hakuchaguliwa, wala hakutegemea. Aliomba tu kuliona. Wakamfunulia, akatazama glovu, nyembe, uzi, kisha akakiinua kipande cha sabuni akakinusa. Ilikuwa sabuni ya kawaida, ile ya mche, inayouzwa mnadani kila wiki meza moja na zile kapsuli. Alikuwa ameinunua mara nyingi kwa kufulia. Akairudisha mahali pake na kwenda kukaa nyumbani kwake peke yake.

Ruthi naye alikuwa amenuna. Alikuwa amepoteza dada, kisha akaambiwa ampoteze na mama, na kanisani walimwambia asamehe, jambo ambalo ni rahisi kwa anayelisema. Siku zake zilipokaribia, alikuja jioni moja akasimama mlangoni, tumbo mbele, bila kuketi.

"Nipeleke," akasema.

Hakusema nizalishe. Nasinkoi alilisikia hilo, likamchoma, na palepale akamshukuru Mungu kwa hilo. Wakaondoka mapema kabla ya uchungu, na Leboo mgongoni, mzito sasa, mwenye maneno mengi yasiyo na maana.

Faudhia aliwatambua kutoka mbali. Safari hii hakuwauliza kwa kelele. Alimkalisha Ruthi, akafungua kadi mpya, akauliza umri, kijiji, jina la mume, mimba ya ngapi. Akafika pale panapouliza kama katika ndugu wa tumbo moja yupo aliyefariki kwa uzazi. Ruthi akaitikia kwa kichwa, macho chini; Ukristo wake haukuwa umefika mahali pa kumtaja marehemu. Faudhia akaandika ndiyo, akaacha mahali pa jina, akashuka mstari unaofuata.

Nasinkoi hakujua kusoma, lakini macho yake yalikuwa yamezoea kuona kinachorukwa. Akaweka kidole kwenye ile nafasi nyeupe akauliza hapo pana nini. Faudhia akamjibu kwamba pana jina, mama, ila si lazima, wataelewa.

"Wasipoliona watasema hakuwepo," akasema Nasinkoi. "Andika."

Akashika ukingo wa dirisha. Ruthi akamgeukia kwa hofu. Nyuma yao foleni ilikuwa ikiongea habari zake, bei za mahindi na mvua isiyokuja, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

"Soila," akasema.

Kalamu ya Faudhia ilikuwa imekauka wino. Akaitikisa, akaomba radhi, akamwomba alirudie.

"Soila. Mwanangu. Soila wa Koisaba."

Alibaki amesimama akingoja kile wanachosema huwapata wanaoita wafu. Hakikuja. Kilichokuja ni sauti kutoka mgongoni mwake. Leboo alikuwa amelisikia neno jipya, likampendeza, akalijaribu mdomoni kama wafanyavyo watoto. Soila, akasema. Akacheka, akalisema tena, kwa nguvu zaidi, Soila, Soila, huku akimpigapiga bibi yake begani kwa kiganja.

Ruthi akajifunika uso kwa khanga. Nasinkoi hakumnyamazisha mtoto.

"Ndiyo," akamwambia. "Ndiye mama yako."